Mbao Pana za Paa la Shangazi Tatu

Majengo, Dodoma
Jumamosi, 14 Agosti 1993

Mwanangu Idrisa,

Leo nitakuambia yote. Nimeahidi hivyo mbele ya mdogo wako Zaituni, ambaye ndiye anayeandika, na yeye ameahidi kwamba hataruka neno, hata lile litakaloniaibisha mimi au kumuumiza yeye. Unajua kwamba mimi nilifunzwa chuoni kwa maalimu kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kwamba wewe herufi hizo unazisoma kama mtu anayekanyaga miiba. Kwa hiyo maneno ni yangu na mkono ni wa Zaituni. Akiwa na lake mwenyewe la kusema, atataja jina lake kwanza.

Umekwenda Area D kuwaaga rafiki zako. Lori liko nje, vijana wanapakia magunia ya alizeti. Sisi tumekaa bandani penye mbao zetu, mimi juu ya gogo, Zaituni juu ya kigoda, na upepo huu wa Agosti unatutilia vumbi mpaka kwenye karatasi. Habari za blanketi, za dawa ya malaria na za kutofunga chumba chenye jiko la mkaa, mama yako amezisema tangu Jumatatu na atazisema tena kesho alfajiri lori likiwa linaondoka. Sina la kuongeza. Langu ni jingine.

Unakwenda Mafinga kufanya kazi kwenye mashine ya kupasulia mbao, na watu wote wa mtaa huu wanasema Idrisa amepata. Nami nasema hivyohivyo nikiwa barazani. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba mzigo wako wa kwanza utakuwa wa nani. Yale yaliyosemwa Miyuji kwa shangazi yako wiki iliyopita hukuyasikia yote, kwa hiyo naanza nayo.

Nilikwenda na Zaituni. Shangazi yako Tatu alikuwa anashona, cherehani iko mlangoni penye mwanga. Nikasema, "Shikamoo, dada."

Hakuinua macho. Akasema, "Zaituni, mwambie baba yako marahaba. Mwambie apite ndani akae, ila asimsukume mdogo wangu."

Huyo mdogo wake unamfahamu. Ni ile nguzo ya mninga iliyosimama katikati ya sebule tangu paa lilipoinama, inayolishikilia lisimwangukie. Anaitundikia khanga zake na kikapu cha vitunguu, na kila mgeni anaambiwa, "Mpishe mdogo wangu huyo, yeye hachoki kunibeba." Mdogo wake wa kuzaliwa ni mimi. Wageni hucheka. Mimi hujifanya nacheka.

Nikakaa. Nikasema, "Zaituni, mwambie shangazi yako kwamba kiangazi hiki nataka kulifungua paa lake na kulijenga upya kabla ya mvua za Desemba."

Tulikuwa tumekaa magoti yanakaribia kugusana, Idrisa. Mtoto yuko katikati, anageuza kichwa huku na huku.

"Mwambie baba yako, mbao atachagua nani?"

"Mwambie nitachagua mimi mwenyewe."

Cherehani ikasimama. "Basi mwambie asihangaike. Mdogo wangu huyu ananitosha."

Chai ikaletwa, ikanywewa. Ndipo aliposema, tena akiiambia nguzo na si Zaituni, "Achague Idrisa. Baba yake asichague, wala asimfundishe mtoto kuchagua. Jicho lake abaki nalo mwenyewe."

Nilikubali. Kwa hiyo sitakufundisha kuchagua mbao. Nitakusimulia tu jinsi mimi nilivyochagua, na masimulizi hakunikataza.

Mimi nimelelewa na mninga. Mababu zetu walifika hapa na misafara wakabaki, na tangu hapo sisi ni watu wa kuuza. Marehemu baba alipoingia kwenye mbao, zilikuwa mninga na mkongo kutoka upande wa Manyoni na Tabora. Alinifundisha kwa kiganja. Aliuweka mkono wangu juu ya ubao na kuuliza, "Vinaingia viganja vingapi?" Vikiwa vingi, ubao ni mpana, ukiwa mpana, mti ulikuwa mzee, na mti mzee ni mgumu. Alikuwa na neno lake: upana ndio umri. Kwa neno hilo tulikula na kuvaa, na sikumbuki hata siku moja lilipotudanganya.

Ukaja wakati wa ruksa. Wewe ulikuwa mdogo lakini unakumbuka jinsi maduka yaliyokuwa matupu yalivyoanza kujaa, sabuni, vitenge, redio, na kila mwenye lori akawa mfanyabiashara. Mninga ulikuwa umeanza kuwa adimu, na kibali chake cha taabu. Ndipo paini zikaanza kushuka kutoka kusini. Nyeupe, nyepesi, zinanukia kama dawa. Wazee wenzangu walizicheka. "Hizi ni mbao au mkate?" Mzee Chande alivunja kipande kwa mikono yake miwili na kukitupa jikoni kwa mama lishe. Lakini watu walikuwa wanataka kujenga, na mfuko wao ulikuwa wa paini.

Wakati huo ndipo shangazi yako alipomaliza kuta zake Miyuji. Matofali aliyafyatua yeye, kwa fedha za kushona sare za shule. Akaniambia, "Rama, kuta ni zangu, paa ni lako. Wewe ndiye mwenye jicho." Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Sikutaka kumpa cha kawaida.

Lori lilipofika nilipanda juu yake mwenyewe. Mbao nyembamba nilizipitisha kwa wengine, nikatenga zile pana kuliko zote. Mwenye lori alipiga makofi. "Mzee huyu ana jicho!" Wewe ulikuwa chini umenishikia kofia. Nikakuita, nikauweka mkono wako juu ya ubao kama nilivyowekewa, nikakuambia, "Tazama, Idrisa. Upana ndio umri."

Neno hilo ndilo linaloninyima raha leo. Shangazi yako anadhani jicho langu nimebaki nalo. Hajui kwamba nilikwishakupa.

Paa lilipanda. Fundi Athumani alizisifu zile mbao, akasema randa inapita kama kisu kwenye siagi. Siku ya kumaliza ulifukizwa ubani, ukapikwa wali, vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Kisha kikaingia kiangazi, na upepo wa hapa unaujua, unakausha hata mate. Kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zikaanza kulia. Shangazi yako alisema ni kama mtu anayevunja vidole juu ya kichwa chake. Mbao zikajipinda kila moja upande wake, misumari ikatoka nje kama meno ya mzee. Mvua zilipoanza, maji yakatuama juu ya bati, na asubuhi moja kenchi ya kati ikakatika palepale penye kifundo kikubwa, ikaangukia cherehani. Yeye alikuwa ametoka kuteka maji. Ni hilo tu lililomwokoa.

Watu wakakusanyika. Wakauliza, kosa la nani? Nami, Idrisa, nilimtazama Fundi Athumani. Sikusema neno. Nilimtazama tu, na watu wote wakafuata macho yangu. Haukupita mwezi, hakuna aliyempa kazi katika mji huu. Akahamia Singida na mkewe na watoto. Shangazi yako hakuniuliza kitu, lakini tangu siku ile hajaniita jina langu, na maneno yake yote kwangu yamepita kwa mtu mwingine.

Nilikwenda Mafinga kumgombeza yule mwenye lori. Hiyo safari nilikuambia nilikwenda kutafuta bei. Nilikuwa na hasira ya mtu anayejua kwamba hasira yake haina haki. Nilimkuta ndani ya shamba la miti, ukungu umetanda, manyunyu yanadondoka katika mwezi ambao sisi hapa tunakula vumbi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mzee wa jicho! Njoo uone zilikotoka mbao zako."

Akanipeleka kwenye visiki. Miti ile ilikuwa imesimama mbalimbali, kila mmoja na uwanja wake. Mmoja ulikuwa bado haujakatwa: mnene, matawi yake yameanzia karibu na magoti yangu, manene kama mkono. Nikatazama kisiki. Pete za mti, zile ambazo kila moja ni mwaka, zilikuwa pana kama kidole changu. Nikazihesabu mara mbili kwa sababu sikuamini. Mti uliotoa zile mbao pana kuliko zote ulikuwa mdogo kuliko wewe, Idrisa. Wewe uliyekuwa umenishikia kofia.

Mti ule ulikuwa umepewa kila kitu, mvua, jua na nafasi, ukanenepa upesi, na ndani ulikuwa laini kama tango. Ule ulaini wa katikati, wa miaka ya utoto wa mti, ndio unaojipinda ukikauka. Mti wote ulikuwa utoto mtupu. Na yale matawi manene ya chini ndiyo vifundo vilivyokatikia juu ya cherehani.

Ng'ambo ya korongo palikuwa na kitalu kingine cha miti. Udongo uleule, manyunyu yaleyale, imepandwa mwaka uleule. Lakini hii ilipandwa karibukaribu. Ilikuwa myembamba, imenyooka, matawi ya chini yamekufa mapema kwa kukosa jua na kubakiza alama ndogo tu. Nikaomba nikatiwe kipande. Pete zimekaribiana kama mistari ya daftari. Nikagonga msumari, ukaingia kwa kunung'unika, ukakaa.

Nilirudi nyumbani na kipande kile ndani ya koti, nimefurahi kama mtu aliyepata ufunguo. Nikaanza kuwa mwalimu. Barazani, msikitini, kwenye kahawa: paini ipandwe karibukaribu. Lakini kwa shangazi yako sikwenda. Kumweleza sababu ya kweli kungekuwa kumsafisha Athumani, na kumsafisha Athumani kungekuwa kuuliza mimi nilikuwa namtazama kwa nini.

Hapa ni mimi, Zaituni. Baba amesimama mlangoni kwa muda, anatazama magunia. Amerudi. Kaka, naandika kama alivyosema, sijapunguza.

Sasa kosa la pili, nalo watu hawalijui.

Unawakumbuka wajomba zangu wa Kondoa, upande wa bibi yako, kule juu milimani. Baada ya mifugo kuondolewa na serikali ili makorongo yapone, walipanda miti, na binamu yangu Saidi alikuwa na kipande chake cha paini kwenye mgongo wa kilima. Ilikuwa bado michanga, imebanana, kwa sababu aliipanda kama mtu anayemwaga uwele. Akaniuliza, "Rama, wewe umefika kwa wenye miti. Niipunguze?"

Nikamjibu bila hata kushuka kwenye baiskeli. "Usiondoe hata mmoja. Ikibanana ndiyo inakuwa migumu."

Saidi akanisikiliza. Kisha mvua zikawa chache mwaka mmoja, na mwaka uliofuata zikakatika mapema zaidi. Tulipokwenda kule kwenye msiba, wewe ulibaki na vijana wenzako, mimi Saidi alinishika mkono akanipandisha kilimani. Miti ilikuwa imekauka ikiwa imesimama, Idrisa. Safu kwa safu, myekundu kama kutu, imeshikana matawi. Iliyokuwa hai ni ile ya pembeni tu, iliyokuwa na nafasi upande mmoja.

Nilitegemea atanitukana. Alicheka. "Umetuletea sheria ya watu wa ukungu, Rama. Kule mbingu inawapa kila siku. Hapa mtungi ni mmoja, na wewe ukasema tualike kijiji kizima."

Nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nikusamehe nini? Kuni ninazo mpaka wajukuu."

Akaukata mmoja wa katikati. Pete za mwisho zilikuwa nyembamba hata ukucha haukuweza kuzitenganisha, kisha hakuna. Akakata na mmoja wa pembeni, ulio hai. Huo, mwanangu, ulikuwa mzito mkononi kuliko paini yoyote niliyowahi kushika, umejaa utomvu, msumari nusura upinde. Lakini upepo ulikuwa umelipinda shina lake, na ubao mrefu wa kenchi usingetoka humo. Nikasimama na vipande viwili mkononi. Neno la marehemu baba lilikuwa limekufa kusini, na langu mwenyewe limekufa Kondoa. Kule penye maji mengi majirani waliuzuia mti usinenepe ovyo, ukawa mgumu. Huku penye ukame majirani haohao walinyang'anyana tone moja mpaka wote wakafa.

Zaituni ameinua kalamu anasema hapa nimeanza kufundisha. Basi ifute. Anasema ameahidi kutofuta. Haya, iache, lakini isome kama masimulizi.

Hapa ni mimi, Zaituni. Mwalimu wetu wa biolojia alituonyesha kipande cha paini darasani. Alisema kila mwaka wa mti una sehemu mbili: pana na nyeupe, inayokua mvua zikiwa nyingi, na nyembamba ya rangi nzito, inayokua mti ukianza kujizuia. Hiyo ya rangi nzito ndiyo ngumu. Nilipomwambia Baba, aliuliza, "Kwa hiyo ugumu wake ni wa kiangazi?" Nikasema ndivyo tulivyofundishwa. Akasema tena polepole, "Ugumu wake ni wa kiangazi." Nimeona nikuandikie hili kwa sababu yeye hatalisema.

Sasa yaliyobaki ni ya nyumba hii.

Wewe nilikutoa shule ukiwa kidato cha pili. Biashara ilikuwa inakwenda mbio, nikakupa funguo za banda, nikakupa wateja, nikakupa kiti changu nikiwa safarini. Watu walisema, "Mtoto wa Rama amekuwa mtu mzima upesi!" Nami nilikuwa nasimama pembeni nikipima viganja. Hukuwa na mtu wa kukubana. Hujakosea kitu mpaka leo, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu hata zile mbao zilikuwa nzuri mpaka zilipokutana na kiangazi. Mimi ndiye niliyekupa uwanja wote, na nilijua miti ile inakuwaje.

Na huyu anayeandika nilimweka chumba kimoja na bibi yake na binamu zake wanne. Anasomea taa ya chemli huku wengine wanamwambia azime walale. Nilijiambia, ni vizuri, wakibanana watanyooka. Lakini baada ya Kondoa nimekuwa nikiamka na kujiuliza: nyumba hii ni nchi ya ukungu, au ni kilima cha Saidi? Mtungi wetu ni mkubwa kiasi gani? Sijui. Mtu angetegemea baba ajue.

Hapa ni mimi, Zaituni. Baba ameniambia nipumzike kidogo. Nimekataa. Kaka, ile taa mimi siioni kama shida sana, na bibi huniachia mafuta yake. Mtihani wa kidato cha pili ni Novemba.

Sikukwambia haya ili ukatae kwenda. Nenda. Huko utakuwa mdogo kuliko wote, utabebeshwa magogo, utaitwa majina, na mwenye mashine hatakupa kiti chake. Nikifikiria hivyo moyo unaniuma, halafu unatulia, halafu unauma tena. Sijui kama nakupeleka kwenye majirani wa kukunyoosha au wa kukunywea maji. Wewe ndiye utakayejua, na nakuomba ukijua uniambie ukweli, hata ukiwa mchungu. Watu wataanza kukata miti michanga kwa sababu sisi wateja wa huku tunapenda mbao pana. Watakuambia, "Dodoma wanachukua chochote." Hilo litasemwa kwa sababu yangu.

Nimemaliza. Zaituni atanisomea barua yote tangu mwanzo, nisikie kama ni yangu.

Hapa ni mimi, Zaituni, na kuanzia hapa yote ni yangu, kwa sababu Baba amesema niandike lililotokea.

Nilikuwa namsomea kwa sauti. Nilikuwa nimefika pale anaposema alimtazama Fundi Athumani na watu wakafuata macho yake. Nikasikia kitu nyuma ya lundo la mbao. Ni Shangazi Tatu, ameshika kifurushi cha vitumbua alivyokuletea, kaka, ameketi juu ya zile mbao nyembamba za papi kama mtu aliyechoka kwa safari. Sijui alifika saa ngapi.

Nikasema, "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Soma."

Nikamtazama Baba. Baba alikuwa anatazama mikono yake. Nikasoma. Nilisoma visiki, nikasoma Kondoa, nikasoma ya kwako na ya kwangu. Magari yalikuwa yanapita na mpakiaji mmoja alikuwa anaimba, lakini mimi nilijisikia kama nasoma mtihani wa mdomo mbele ya shule nzima. Nilipomaliza, Shangazi alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua.

"Zaituni, mwambie baba yako," akasema, kisha akanyamaza.

Nikasubiri. Nilikuwa tayari kumwambia.

Akasema, "Rama."

Baba akainua kichwa kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. "Naam, dada."

"Nilikuambia usimfundishe mtoto."

"Sikumfundisha. Nimemsimulia."

"Ni kilekile, mjanja wewe." Lakini hakuwa anacheka. "Miaka yote hii nilijua mbao ulichagua wewe. Mti kukudanganya ni jambo la kawaida, hata nguo hunidanganya mimi dukani, nikifua inabaki ya mtoto. Hilo nilikusamehe zamani. Nilichokuwa nasubiri ni hiki cha Athumani. Siku zile macho yako yalinifanya nimchukie mtu bure, Rama. Mkewe alikuja kuniaga, nikamfungia mlango."

 Macho ya Baba yalikuwa yamejaa maji, na hakuyafuta, kaka. Nimeandika kwa sababu niliahidi kutoruka neno.

"Yuko wapi sasa?" Shangazi akauliza.

"Singida. Anatengeneza vitanda. Nilisikia."

"Ulisikia, ukakaa?"

"Nilikaa."

"Basi utakwenda wewe mwenyewe kumleta. Si barua, si mtu. Wewe, na miguu yako. Paa langu atalipandisha yeye, watu wale wale wakitazama, nawe utasimama pale chini useme kosa lilikuwa la nani. Asipokubali kuja, mdogo wangu wa mninga abaki alipo mpaka nife."

Baba akasema, "Nitakwenda Jumatatu."

Shangazi akaja akakaa kwenye gogo, pembeni yake. Gogo lile si refu, walibanana. Akanyoosha mkono, akachukua kile kipande cha paini cha Mafinga ambacho Baba hukiweka dirishani, akakigeuza kwenye mwanga na kukisogeza karibu na macho yake ya kushonea. Akaweka dole gumba la Baba juu ya pete, akaanza kuzihesabu kwa ukucha wake, kama anavyohesabu nyuzi za kitambaa. Kisha akaniambia, "Lete karatasi hiyo."

Akaliweka dole la Baba ukingoni mwa barua hii na kuniambia nichore mstari huku na mstari huku. Ndiyo hiyo mistari miwili unayoiona pembeni, kaka. Huo ni upana wa dole gumba la Baba. Usitumie la kwako, la kwako ni pana.

Baba alitaka kusema kitu hapo. Shangazi akamtazama, wakacheka wote wawili, lakini kidogo, kama watu wanaojaribu kiatu kipya.

Jua linakaribia kuzama na najua utarudi muda si mrefu, kwa hiyo naikunja. Naiweka ndani ya koti lako, isomwe ukifika, si njiani. Lori hilihili litarudi huku na mzigo, na dereva ameahidi kuleta majibu. Shangazi anasema hatamruhusu mtu yeyote kugusa bati lake kabla hajasikia jibu lako, na Baba anasema hatalala mpaka alisikie. Mimi nataka kulijua kwa sababu zangu mwenyewe, ambazo nitakuambia nikishafaulu mtihani.

Chukua ubao wa kwanza kabisa utakaoukubali kwa ajili ya Miyuji, weka ukingo wa karatasi hii kwenye ncha yake iliyokatwa, kuanzia upande wa moyo wa mti kwenda nje, kisha uniandikie kweli tupu: kati ya mistari hii miwili zimeingia pete ngapi?